Uso wa Nantemba

Hapo zamani, watu walipokuwa bado wakijenga nyumba zisizo na madirisha, palikuwa na kijiji kimoja juu ya uwanda wa Chiwambo. Sogeeni mnisikilize vizuri, maana mwishoni nitawauliza swali, na swali lenyewe mimi sijawahi kulijibu.

Kijiji hicho kiliingiwa na ndui. Ililetwa na wasafiri waliokuwa wakitafuta chumvi, wakalala usiku mmoja, wakaenda zao, na ugonjwa ukabaki. Watu walifunga milango. Mtu aliyeugua aliachwa chumbani peke yake, akisukumiwa chakula kwa mti.

Aliyefungua milango hiyo alikuwa mkunga wa kijiji, mwanamke wa makamo aitwaye Nantemba. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikwenda nyumba kwa nyumba na kibuyu cha maji na majani ya dawa. Alimwuguza Jumbe Chikambo, mkuu wa kijiji, mpaka akasimama. Alimwuguza Ngaunje, mpiga ngoma, mpaka akasimama. Alimwuguza mtoto wa Somoe, mwanamke kijana aliyekaa nyumba ya mwisho, mpaka mtoto akacheza tena. Alimwuguza na mke wa Kalembo mchongaji. Huyo hakupona, lakini alikufa akiwa ameshikwa mkono.

Ndui ilipokaribia kwisha, ikampata Nantemba mwenyewe. Hakumwita mtu. Alijitoa, akaenda kulala kwenye kibanda cha shambani, asije akawarudishia watu ugonjwa.

Jumbe alidhani Ngaunje amempelekea maji. Ngaunje alidhani Kalembo amempelekea. Kalembo alidhani wanawake wamempelekea. Na wanawake walidhani Somoe amempelekea, kwa kuwa nyumba yake ilitazamana na njia ya shamba. Walipokwenda kutazama, walikuta kibuyu kikavu, na Nantemba ameshakufa.

Walimzika bila ngoma. Hakuna aliyeuliza nani alikuwa apeleke maji, kwa sababu kila mmoja aliogopa kuulizwa. Tangu hapo watu wa Chiwambo wakazoea kusalimiana wakitazama chini. Mtu akikutana na mwenzake kisimani, alisingizia kamba, alisingizia ndoo, ili mradi macho yasikutane.

Njia zilipofunguliwa, alikuja mdogo wake Nantemba, jina lake Sikudhani. Alikuwa ameolewa ng'ambo ya mto, mbali, na hawakuwa wameonana tangu walipokuwa wasichana wakubwa. Jumbe akampokea kwa mbuzi na nguo. Sikudhani akavitazama, akavirudisha. Akauliza dada yake alikufaje. Wakamweleza, maana jambo lenyewe lilikuwa halifichiki. Naye akasema:

"Mbuzi ninao. Dada yangu nimemwacha msichana, nimekuja nimekuta tuta la udongo. Nataka kumwona uso alivyokuwa mtu mzima. Mkiweza kunionyesha uso wake, nitakaa nanyi, nitakula chakula chenu, na neno hili litakwisha baina yetu. Msipoweza, msinitumie mtu tena."

Akaondoka. Jumbe akamwita Kalembo.

Kalembo huyu alijua kuchonga sura za watu. Kazi zake zilikuwa zikisimama nje ya nyumba yake, na wageni waliopita jioni waliziamkia, kisha wakacheka wakijigundua. Jumbe alimpa gogo zuri la mpingo, akamwambia amchonge Nantemba, si yule aliyejaa vidonda bali yule waliyemjua. Kalembo alikubali bila kutaja malipo. Alikuwa na deni lake mwenyewe kwa yule marehemu, na hakutaka kulisema.

Alifanya kazi uani, asubuhi, jua likimjia juu ya bega. Alipiga tezo kidogo, akarudi nyuma, akatazama kivuli kimeanguka wapi, akaenda akapiga tena. Shavu la Nantemba hakulichonga lote, aliacha kivuli cha paji la uso kilimalizie. Mdomo hakuuinua, aliukata kwa chini, ili jua likiupiga kutoka juu uonekane kama mdomo wa mtu anayekusikiliza na yuko karibu kukujibu. Ndivyo Nantemba alivyokuwa akiwasikiliza wagonjwa. Kisha akausugua mti kwa majani ya msasa mpaka ukang'aa.

Asubuhi moja Somoe alikwenda kuomba moto kwa Kalembo. Alipoingia uani, magoti yakaanza kumwinamia yenyewe, amwamkie Nantemba. Akakumbuka. Akakaa chini akalia. Kalembo alimwacha alie, kisha akamwomba asimwambie mtu mpaka siku yenyewe. Somoe akaenda zake, na moto akausahau.

Kazi ilipokwisha, Jumbe alitangaza kwamba sura itakaa ndani ya nyumba ya baraza, mahali pa heshima, kwenye ukuta wa nyuma. Kalembo alijaribu kusema kwamba pale nje pangemfaa zaidi. Jumbe akamjibu kwamba jua litaupasua mti, na mvua itaufuata, na mtu wa kuheshimiwa haachwi nje. Alisema kwa upole, na alisema kwa nia njema. Kalembo angeweza kumweleza habari ya jua na kivuli. Lakini aliona kama mtu ambaye hakupeleka hata tone la maji hana kinywa cha kubishana juu ya heshima ya Nantemba. Akasema ndiyo, Jumbe wangu, akaondoka.

Nyumba ile ya baraza ilikuwa kubwa, yenye giza, paa lake la nyasi limeshuka karibu na ardhi. Mlango ulikuwa mmoja, mfupi. Kwa ajili ya siku hiyo Jumbe aliamuru sakafu ipakwe udongo mweupe, ipendeze. Wanawake waliisiriba ikang'aa. Sasa sikilizeni, maana jambo lenyewe lipo hapa. Mwanga uliingia kwa chini mlangoni, ukagonga ile sakafu nyeupe, ukarudi juu. Mtu aliyesimama ukutani alimulikwa kuanzia kidevuni.

Siku ikafika. Sikudhani akaja, akaketishwa mbele. Watu wakajaa nyuma yake, wakiwa wamevaa vizuri, na hofu imewabana. Jumbe akatoa nguo iliyofunika sura.

Uso ulikuwa pale, lakini macho yalikuwa mashimo. Kivuli kilichokaa juu ya shavu sasa kilikuwa kimepanda kwenye paji la uso. Ule mdomo uliokatwa kwa chini ulipokea mwanga kwa chini, ukapinda upande.

Ngaunje, mpiga ngoma, alikuwa amesimama karibu na Sikudhani. Akasema kwa sauti ndogo, lakini nyumba ilikuwa kimya:

"Anatudharau."

Kabla ya neno hilo kila mtu alikuwa bado anautafuta uso. Baada ya neno hilo, waliuona. Mmoja aliona dharau. Mwingine aliona kicheko. Mwanamke mmoja alijifunika macho, akasema anatazamwa yeye. Na hakuna aliyeshangaa, kwa sababu kila mmoja moyoni mwake alijua kwamba Nantemba ana haki ya kumdharau.

Somoe alikuwa kwenye mstari wa nyuma. Naye alishtuka kwanza. Kisha akaikumbuka ile asubuhi ya uani, akaelewa kwamba uso ni ule ule na mahali ndipo pabaya. Angesema tu, mtoeni nje. Maneno yalimjia mpaka kwenye ulimi. Lakini aliwaza kwamba akisema, wote watageuka wamtazame. Na yeye, siku zile, alikuwa amesikia sauti ya Nantemba kutoka shambani, ikiomba maji, akajiambia ni upepo. Hilo hakuna aliyelijua. Aliogopa kwamba wakimtazama watalijua. Akainamisha kichwa.

Sikudhani aliutazama ule uso kwa muda mrefu kuliko wote. Mwishowe alisimama.

"Dada yangu hakuwa na uso huu," akasema. "Mlimwacha akafa, na sasa mmenichongea wa kunicheka."

Akapita katikati yao, wakampisha, akaenda.

Jumbe alimshika Kalembo mkono, mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu mzima. Akamwuliza ni kitu gani alichowatendea. Kalembo akasema, "Jumbe wangu, mtoeni nje mumtazame juani."

"Nimtoe nje," Jumbe akasema, "ili kila apitaye njiani aone kwamba maiti wetu anatucheka?"

Ngaunje akaongeza kwamba mti hauna uso mmoja wa ndani na mwingine wa nje. Watu wakaitikia. Wakasema Kalembo amefanya makusudi, amewalipizia kisasi cha Nantemba ili yeye aonekane msafi. Jumbe akatoa amri: Kalembo abaki na sura ile mle ndani, airekebishe pale pale inapokaa, mpaka itazamike.

Walimfungia mlango nusu, wakamwachia vifaa vyake.

Mwanzoni Kalembo alitaka kuunyanyua mti autoe nje mwenyewe. Aliukumbatia kabisa. Kisha akarudi nyuma autazame tena, kama alivyozoea. Mwanga ule wa sakafuni ulikuwa bado unapanda. Akaiona dharau. Aliyoichonga yeye, kwa mikono yake, akaiona. Aligeuka upande mmoja, akaiona. Akageuka upande mwingine, akaiona. Akaanza kuwaza kwamba huenda macho yake ndiyo yalidanganyika kule uani, kwa kuwa alitamani sana kusamehewa. Huenda mikono yake ilijua jinsi Nantemba alivyowatazama mwishoni, ikachonga hivyo, na yeye hakujua.

Akachukua patasi. Aliuinua mdomo, akaujaza tabasamu. Aliyapunguza mashavu kwa juu, akayaacha mazito kwa chini yashike mwanga. Aliyafungua macho. Alifanya kazi vizuri, maana hakujua kufanya kazi vibaya. Mpaka jioni, uso ukawa mpole, unatabasamu, unamtazama kila aingiaye kama mama.

Watu wakaingia mmoja mmoja, wakatoka wakipumua. Ngaunje alilia. Jumbe akamshika Kalembo mkono tena, safari hii kwa shukrani. Kalembo akasema asante, na toka siku ile hakuchonga tena sura ya mtu. Alichonga vinu na miko ya kusongea.

Jumbe alituma watu kwa Sikudhani. Akawarudisha. Akatuma wengine, akawarudisha nao. Hatimaye, kiangazi kilichofuata, wazee wa kwa mume wake walimsihi, akakubali kuja. Lakini hakusema atakuja siku gani.

Basi alikuja siku ambayo hawakumtarajia. Mchwa walikuwa wamekula paa la nyumba ya baraza, na vijana walikuwa wamelishusha lote ili waezeke upya. Kuta zilisimama wazi. Ilikuwa saa sita mchana, na jua lilikuwa limejaa nyumba nzima. Sikudhani aliingia bila kupiga hodi. Watu walipomwona wakaacha kazi, wakamfuata, wakiwa na furaha ya kumwonyesha.

Wakasimama nyuma yake, nao wakauona kwa mara ya kwanza juani.

Mashavu yalikuwa yamevimba kama ya mtu mwenye jino bovu. Macho yalikuwa yametokeza. Mdomo ulikuwa umelegea, kama wa mlevi aliyeambiwa jambo la kuchekesha asilolielewa. Hakuwa Nantemba. Hakuwa mtu yeyote.

"Huyu ni nani?" Sikudhani akauliza.

Kalembo alikuwa ametazama mara moja, kisha akageukia ukuta. Ndipo Somoe akatoka nyuma ya watu, akaenda akapiga magoti mbele ya Sikudhani, akamweleza yote. Alieleza uso alivyouona uani. Alieleza kwamba siku ile alijua, akanyamaza. Akaeleza na kwa nini alinyamaza, na ile sauti ya kutoka shambani, na upepo.

Sikudhani alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ule wa kwanza," akasema, "ulikuwa yeye?"

"Ulikuwa yeye, mama. Nilikaribia kumwamkia."

Sikudhani akakaa chini kwenye vumbi la nyasi kuukuu. Hakulia. Watu walitamani angelia. Aliinua mkono kama anataka kuugusa ule mti, akaurudisha.

Baadaye akasema kwamba mti huo hauwezi kubaki pale, wala yeye hawezi kwenda nao kwake. Utazikwa pembeni ya Nantemba. Na atakayeubeba ni yule aliyemnyang'anya uso wa dada yake. Ajitwike mti huo kichwani, sura ikitazama mbele, apite nao katikati ya kijiji, kila mtu akimwona, na aseme kwa kinywa chake, nimebeba kosa langu. Akishafanya hivyo, yeye Sikudhani atakula nao.

Wakatazamana. Hawakuwa wamefanya hivyo tangu kifo kile.

Jumbe Chikambo alisema kwanza, kwa kuwa alikuwa mkuu.

"Mimi niliamuru akae ndani. Mimi niliamuru sakafu ipakwe nyeupe. Mimi niliamuru achongwe upya. Lakini nilimweka pale nilipoona pana heshima kuliko pote, na aliyejua kwamba hapafai hakuniambia. Ningejuaje? Mimi si mchongaji."

Kalembo akasema bila kugeuka kutoka ukutani.

"Mimi nilijua. Sikumwambia, niliona haya. Na patasi niliishika mimi. Lakini nilipokuwa na hakika na kazi yangu hakuna aliyenisikia, na nilipoamini ya kwenu mkanipongeza. Mlinifungia humu mpaka nikaona mnavyoona."

Ngaunje akasema huku akipangusa uso.

"Mimi nilitamka neno moja. Sikumchonga, sikumweka, sikumharibu. Nilisema nilichokiona, na wallahi nilikiona. Lakini nimelala nalo neno hilo. Kuna wakati nawaza kwamba nisingelisema, wenzangu wangeangalia kidogo zaidi, na pengine mmoja wao angemwona."

Somoe alikuwa bado amepiga magoti.

"Wao walikosea kwa kutojua, au kwa kudhani. Mimi nilijua, na nilikuwa na nafasi, na neno lenyewe lilikuwa fupi. Lakini sikuongeza kitu kwenye mti huu, wala sikupunguza. Na leo msingejua lolote kama si mimi kusema, na nimesema hata lile ambalo hakuna mtu angenidai."

Watu wakanong'ona. Mmoja akasema Jumbe. Mwingine akasema Kalembo, kwa sababu mkono ndio unaoharibu. Wanawake waligawanyika juu ya Somoe, wengine wakimwonea huruma, wengine wakitaka kumpiga kwa ajili ya ile sauti ya shambani.

Ndipo Sikudhani akasema, kwa sauti ambayo wa nyuma hawakuisikia, ikabidi waambiwe na wa mbele:

"Na mimi? Nimezaliwa naye tumbo moja. Niliwekwa mbele kuliko wote. Nikamtazama mpaka nikatosheka, nikasema si yeye. Sikuomba hata mlango ufunguliwe vizuri."

Akasimama, akaenda akasimama pamoja nao, wakawa watu watano kando ya mti mmoja. Jumbe akanyoosha mikono auchukue, Kalembo akamzuia. Kalembo akainama, Somoe akamshika bega. Ngaunje alisogea, akasita. Hakuna aliyetaka mwenzake abebe peke yake, na hakuna aliyetaka kubeba peke yake mbele ya macho yale yote. Jua likaanza kuinama, kivuli cha ukuta kikaja kikaugusa mti, na ule uso ukabadilika tena, lakini wao walikuwa hawautazami.

Mimi waliponisimulia waliishia hapo. Sikupata kujua ulizikwa na nani. Basi ninyi mlioko mbele yangu, mmewasikia wote watano. Aliyemweka pabaya kwa heshima, aliyejua akaharibu kwa mkono wake, aliyesema alichokiona, aliyekiona cha kweli akanyamaza, na ndugu aliyetazama asimtambue.

Je, nani alistahili kuubeba?